Feni, redio au spika? Kipi ununue kama usiku usingizi unakusumbua

Jamani kabla hujatoa hela yako naomba ujiulize kitu kimoja, usingizi wako unaharibikia wapi? Unachelewa kuupata, yani unageuka geuka mpaka saa saba mawazo yanazunguka, au unaupata vizuri tu alafu saa tisa inapita bodaboda imetolewa mafla unashtuka na hulali tena? Hizo ni shida mbili tofauti na vitu vya kununua ni tofauti, nimeona watu wananunua spika ya bei kumbe walihitaji feni, na wengine wana feni nzuri kabisa ila kinachowaweka macho ni ada ya mtoto na kodi ya nyumba.

Mi nakaa Sinza, Dar, chumba changu dirisha liko upande wa barabara, mbele kuna baa, nyuma kuna mbwa wa jirani. Miaka mitatu nimejaribu karibu kila kitu nitakachokitaja hapa kwa hela yangu mwenyewe na hili jambo nalichukulia siriasi sana, maana mtu asiyelala anagombana na watoto, anakosea kazini, na anaona dunia nzima inamchukia.

Kwanza tuelewane hivi. Jicho lina kope, sikio halina. Ukilala sikio linaendelea kusikiliza na ubongo unakagua sana sana kitu kimoja, je kuna kilichobadilika? Ndo maana mtu analala fofofo kwenye basi la Mwanza linaunguruma njia nzima, alafu likisimama Singida watu wachimbe dawa anaamka. Kelele haikuongezeka, ilikatika! Kwahiyo kinachokuamsha mara nyingi ni ule mruko kutoka kimya kwenda kelele, na ukiweka mvumo mmoja usiobadilika chumbani ule mruko unapungua, bodaboda inapita na wewe umo tu. Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilisema chumba cha kulala kelele ya muda wote isizidi desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), yani kama mtu ananong'ona, na kelele za ghafla zisizidi 45. Uswahilini kwetu hiyo 30 ni ndoto, kwahiyo tunatafuta namna.

Na nisikudanganye, mwaka 2021 watafiti walipitia tafiti 38 kuhusu hiyo mivumo na usingizi wakasema ushahidi wake ni dhaifu sana. Kwahiyo anayekuuzia kifaa akasema kinatibu kukosa usingizi muache na kifaa chake. Muziki ndo una ushahidi mzuri kidogo, mapitio ya 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yaliunganisha majaribio 13 yenye watu 1007 wenye shida ya usingizi, na waliosikiliza muziki walisema wenyewe kwamba wanalala vizuri zaidi kuliko wasiosikiliza.

Haya sasa mpangilio wangu.

Namba 1 ni feni. Ya mezani au ya kusimama, hii ndo nampendekeza mtu yeyote anayeamshwa na kelele za nje na anaishi sehemu za joto, Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa. Inakupa vitu viwili kwa bei moja, maana joto lenyewe linaamsha watu kuliko hata mbwa, ukifika mwezi wa pili Dar unaelewa nachosema. Ukienda Kariakoo usiiangalie rangi wala usisikilize muuzaji anavosifia upepo, mwambie aichomeke alafu weka namba moja, inama karibu na mota usikilize. Unataka "vuuuu" moja iliyonyooka. Ukisikia tik tik tik au panga linagusa wavu hata kidogo, iache, maana ile tik ndo itakuwa inakuamsha wewe saa tisa. Sikiliza na namba mbili, alafu iwashe izunguke shingo uone kama inalia kila ikigeuka, nyingi za bei rahisi zinalia hapo, na kama hilo tu ndo tatizo lake unaweza kuichukua ukalala bila kuizungusha. Yangu niliipata kwa elfu 45 na bado inadunda.

Umeme watu wanaogopa bure. Feni ya wati 50 ikiwaka kwa masaa 8 inakula uniti 0.4, kwa mwezi ni kama uniti 12. Angalia wati zimeandikwa nyuma kwenye kibandiko. Shida kubwa ni umeme ukikatika katikati ya usiku, feni inazima, kimya kinaingia ghafla na wewe macho kodo, yale yale ya basi la Mwanza. Kama kwenu umeme unakatika sana ongeza hela uchukue ya kuchaji yenye betri, ila muulize muuzaji inakaa saa ngapi ikiwa namba moja na umwambie unarudi nayo isipofika. Alafu ukifika nyumbani iweke kati yako na kelele, yani upande wa dirisha linalopigia kelele, sio upande mwingine wa chumba, na isipeperushe chandarua kikafunguka, mbu mmoja anaharibu kazi yote hii. Usiku wa kwanza tega alamu uone kama unaisikia vizuri, na kama unaamka na adhana ya alfajiri hakikisha bado inakufikia.

Namba 2 ni redio ndogo au spika yenye sehemu ya flashi na taima ya kujizima. Hii ni ya wale wa mawazo. Nasisitiza taima, taima, taima! Bila taima usinunue, maana muziki unaokulaza saa nne ndo huo huo utakaokuamsha saa nane ukibadilika wimbo. Huko Budapest, Hungaria, mwaka 2008 walichukua wanafunzi 94 wenye shida ya kulala, kundi moja likasikiliza muziki wa taratibu dakika 45 kila usiku kwa wiki tatu, lingine likasikiliza vitabu vya kusomewa, lingine halikupewa kitu, na waliopata nafuu ya maana ni wale wa muziki. Kwahiyo redio ya maongezi na vipindi vya mpira kabla ya kulala mi siungi mkono, ubongo unafuatilia stori, alafu likiingia tangazo la kupiga kelele umerudi mwanzo.

Uweke nini kwenye flashi? Kitu cha polepole. Taiwan walijaribu kwa wazee 60 mwaka 2005 wakatumia muziki wa mapigo 60 mpaka 80 kwa dakika na ukawasaidia, sasa hiyo kasi we huhitaji kwenda mbali, kuna taarabu za zamani za taratibu, kuna rumba zile za kulia lia, kuna kwaya za polepole, qaswida. Wengi hapa pwani wanaweka Suratul Mulk kabla ya kulala, ina aya 30, inaisha yenyewe na inakuacha umetulia, kwangu mimi mwenye imani hiyo hakuna kinachoizidi. Kuna zile spika za Qurani zenye taa na rimoti, ni nzuri ila kabla hujalipa hakikisha taa inazimika kabisa sauti ikiendelea, kuna nyingine taa haizimi na inabadilika rangi usiku kucha. Na tafadhali usiweke wimbo unaotamba sasa ivi. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2021 uliona kwamba wimbo unaokung'ang'ania kichwani unaweza kuendelea hata ukiwa umelala ukakuharibia usingizi, na cha ajabu zile nyimbo maarufu zilizotolewa maneno zikabaki ala tupu ndo ziling'ang'ania zaidi.

Namba 3, vizibo vya masikio vya sponji. Bei ya soda tu, famasi au maduka ya vifaa vya ujenzi na usalama kazini. Kama mnalala watu watatu chumba kimoja na mwenzako hapendi feni, hivi ndo vyako. Unakiviringisha kiwe chembamba, unavuta sikio juu na nyuma, unakiingiza, unakishikilia mpaka kivimbe. Wengi wanasema havifanyi kazi kumbe wameviweka mlangoni tu. Mwenye mtoto mchanga au anayelala peke yake nyumba isiyo na usalama asitumie.

Namba 4, simu uliyonayo na kaspika kadogo ka Bluetooth. Haiko vibaya, na kama hela hakuna anza hapa. Ila pakua sauti kabisa, usitegemee YouTube na matangazo yake, bando litaisha na wewe bado unaangalia dari. Weka simu hali ya ndege ukishapakua, alafu washa Bluetooth tena, igeuze kifudifudi mbali na mkono. Na kaspika kajaribu dukani kakiisha chaji kanafanyaje, kuna tunaspika tunatangaza kwa sauti ya juu kabisa kwamba betri imeisha, saa tisa usiku, moyo unakwenda mbio.

Namba 5 iafoni. Hapa naomba msikie. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki akisikiliza kwa desibeli 80. Ukilala nazo kwa sauti hiyo masaa 8 kila siku ni saa 56 kwa wiki, umeshapita kabla hujahesabu za mchana. Waya unazunguka shingoni, sikio la upande unaolalia linauma. Kama huna jinsi tafuta zile za ukanda wa kitambaa wa kufunga kichwani, sauti chini sana, taima dakika 30.

Namba 6, mashine maalum za mvumo zinazoagizwa nje. Unajua ilianzaje? Mwaka 1962 Mmarekani Jim Buckwalter alitengeneza ya kwanza kwa sababu mke wake alikuwa hapati usingizi hotelini, na ndani ya lile boksi aliweka kifeni. Yani unalipa laki na ushee kupata feni isiyotoa upepo! Kwa Dar sioni sababu. Kwa Njombe, Mbeya, Limuru au ndugu zetu walioko Ulaya kipindi cha baridi, hapo sawa, feni itakugandisha, ila chukua ambayo sauti yake haijirudii kila sekunde chache, sikio linanasa ile sehemu ya kuungia.

Na akina mama wanaoniuliza kama mvumo unamsaidia mtoto mchanga kulala. Unafanya kazi ndio, London mwaka 1990 walijaribu mvumo kwa vichanga, kati ya 20 waliosikilizishwa 16 walilala ndani ya dakika tano, wasiosikilizishwa walikuwa 5 tu kati ya 20. Ila mwaka 2014 huko Toronto walipima mashine 14 za mvumo za watoto kwa sauti ya juu kabisa, 3 zilipita desibeli 85 zikiwa sentimita 30 kutoka kwenye sikio, hiyo ni kelele ya kiwandani. Kwahiyo kifaa cha mvumo usikiweke kwenye kitanda cha mtoto wala usikifunge kwenye chandarua chake, kaa nacho mita mbili au zaidi, sauti iwe chini kiasi kwamba ukisimama pale kitandani unaweza kuongea kawaida bila kupandisha, na akishalala kizime.