Monster Manual ya 2014: joka zuri, mabawa hayatoshi

Michoro safi, takwimu za mapigano ziko tayari; kwa mwendesha mchezo wa kuigiza wahusika mezani wa Dungeons & Dragons, kitabu hiki cha viumbe vyake kinalipa. Kasoro iko kwa joka jekundu lililokomaa. Linaruka futi 80 kwa raundi ya sekunde 6, sawa na kilomita 15 kwa saa. Baiskeli inalipita! Hata likiwa na tani moja tu, kwa mwendo huo linadai mabawa ya mita za mraba 650 hivi: uwanja mmoja na nusu wa mpira wa kikapu. Zidisha mwendo mara 3. Nguvu ya kuinua hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo mabawa ya mita za mraba 72 hivi yanatosha. Ila futi 240 kwa raundi ni miraba 48 ya ramani ya mchezo (futi 5 kila mmoja), na kwenye ramani ya inchi moja kwa mraba joka linatoka nje ya meza.