Galeries Royales Saint-Hubert, Brussels: uzoefu wangu (macho juu kwanza, maduka baadae)

Wale mnaokuja Brussels na kuuliza mtembee wapi mvua ikinyesha, na mvua ya huku hainaga ratiba, nawaambia kila siku nendeni Galeries Royales Saint-Hubert, pale karibu na Grand-Place, ule uwanja mkuu wa mji wa kale. Hulipi kiingilio, unaingia tu unatembea.

Ni kama mtaa mzima umeezekwa vioo. Urefu mita 213, upana kama mita 8 tu, halafu kwenda juu ni mita 18, yaani ni pembamba na parefu kwenda juu, na hicho ndo kinachofanya macho yapande yenyewe. Paa limebebwa na matao ya chuma membamba sana, vioo vimepangwa juu yake, mwanga unashuka laini kwenye kuta za rangi ya krimu na hata kukiwa na mawingu mazito ndani hakuwi giza. Na hii kitu ilifunguliwa 1847 jamani! Miaka 20 kabla ya ile Galleria ya Milan kule Italia, nayo ni mtaa wa maduka wenye paa la vioo, ambayo kila mtu anapigia picha. Mchoraji wa ramani ya jengo ni Jean-Pierre Cluysenaar, mfalme Leopold wa kwanza wa Ubelgiji ndo aliweka jiwe la msingi 1846, na kabla ya hapo palikuwa na vichochoro vya hovyo tu.

Kilichonishika mimi ni ile kona. Mtaa wa Rue des Bouchers unakatiza katikati, upande mmoja ni Galerie de la Reine na mwingine Galerie du Roi, hapo katikati wameweka nguzo za mawe, na ukivuka unagundua jengo limepinda kidogo. Limepindishwa makusudi, maana lingenyooka moja kwa moja ungeliona lote kwa mpigo ukachoka, sasa hivi unamaliza upande mmoja unakutana na mwingine mpya kabisa. Akili kubwa sana hiyo, na watu wengi wanapita pale wanaangalia simu.

Ukutani kati ya duka na duka kuna nguzo bapa zilizochongwa, juu yake madirisha yamepangana sawasawa, na sanamu. Ghorofa za juu wanaishi watu, we fikiria unafungua dirisha unakuta paa la vioo. Nje juu ya mlango wameandika Kilatini, Omnibus omnia, vyote kwa wote.

Galerie des Princes ni kachochoro kadogo pembeni, wengi wanakaruka, msikaruke. Kuna duka la vitabu la Tropismes, ndani vioo vya ukutani na nakshi za dari mpaka unasahau ulifuata kitabu gani.

Maduka bei zimechangamka, nisiwadanganye. Neuhaus, duka la chokoleti, ipo hapo tangu 1857, ilianza kama duka la dawa, na 1912 ndo wakaanza kutengeneza chokoleti za kujaza ndani zinazoitwa praline, kwa hiyo kama utatoa hela sehemu moja itoe hapo. Mkahawa mmoja nilikaa kahawa ilichelewa hadi nikakata tamaa, ila nilikuwa natazama paa kwa hiyo muda haukuniuma sana.

Nendeni asubuhi mapema maduka hayajafunguliwa, mchana makundi ya watalii yanajaa na ule upana wa mita 8 unakuwa haba, hata kusimama kuangalia juu unasukumwa. Jioni taa zikiwaka ni pazuri pia lakini paa lenyewe hulioni vizuri, kwa hiyo mi kura yangu asubuhi. Nyota 5 kwa jengo, maduka kila mtu na mfuko wake.

Mkitoka na njaa pandeni basi namba 71 pale Gare Centrale (stesheni kuu ya treni) mshuke Porte de Namur, Matonge, ule mtaa wa Wakongo na Waafrika wengine, ipo hapohapo, mkale pondu (kisamvu cha Kikongo) na fufu.