Naishi New Jersey, nafanya kazi Pennsylvania: mama aliyeninyooshea kodi zangu

Nampa nyota nne na nusu kati ya tano. Jina lake siliandiki kwa sababu anafanyia kazi nyumbani kwake na wateja wake huja kwa kuelekezana. Mimi namba yake nilipewa na mwenzangu wa zamu ya usiku. Ila kazi aliyonifanyia nataka ijulikane, maana najua tuko wengi tunaolala jimbo moja na kuchuma jimbo jingine.

Nimekaa Trenton tangu 2019. Ukivuka daraja la mto Delaware, tayari uko Pennsylvania. Hadi Juni 2023 nilikuwa napanda treni kwenda New York, kazi yangu ikiwa kuosha vifaa vya upasuaji hospitalini. Julai nikapata kazi ya ghalani Bucks County, dakika ishirini kwa gari. Nilifurahia usingizi nilioupata, kodi sikuifikiria hata kidogo.

Mwaka ulipoisha nikawa na W-2 mbili, zile karatasi ambazo mwajiri hukupa kuonyesha mshahara wa mwaka na kodi aliyokukata: ya New York yenye mshahara wa dola 23,900 na ya Pennsylvania yenye dola 22,400. Hiyo ya pili, kwenye kisanduku cha 17, ilionyesha nimekatwa kodi ya jimbo dola 687.68, yaani asilimia 3.07 ambayo Pennsylvania humtoza kila mtu, awe wa kipato kidogo au kikubwa. Nikazipeleka kwenye ofisi moja ya kodi mjini. Dakika arobaini, dola 310, nikatoka na ritani, yaani fomu za hesabu ya kodi ya mwaka, ya serikali kuu na za majimbo matatu. Kijana aliyenihudumia aliniambia, "Umeshalipa kule, huku New Jersey utapunguziwa." Nilimwamini, kwa sababu hata mimi nilidhani ndivyo inavyopaswa kuwa.

Oktoba 2024 ikaja barua kutoka New Jersey. Nafuu niliyoombewa kwa kodi ya Pennsylvania imekataliwa, nilipe dola 489 na riba juu yake. Nilikaa na ile barua mezani siku tatu. Mshahara uleule, majimbo mawili. Ile ofisi nikapiga simu wee, haipokelewi. Kumbe hufungua msimu wa kodi tu.

Ndipo nikampigia huyu mama. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Kabla hujanieleza lolote, unalala wapi?"

Nikamwambia Trenton. "Na New York, uliwahi kulala kule? Hata miezi miwili ya kupanga chumba?" Hapana. Akasema vizuri, maana kodi ya Jiji la New York ni ya wakazi wake tu, na sisi wa kuingia asubuhi na kutoka jioni tuliondolewa ile yetu mwaka 1999. Akaniomba nimpigie picha W-2 zote na ritani zote, si barua peke yake. Kesho yake usiku akanipigia, tukaongea saa nzima, na hiyo saa ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Alinieleza kwamba mimi nilikuwa na kesi mbili tofauti, na yule kijana alizifanya moja. New York haina makubaliano ya kodi na New Jersey. Kwa hiyo New York inatoza pesa iliyochumwa kwake, kwa fomu ya IT-203 ya wasio wakazi, kisha New Jersey inanipa nafuu. Lakini nafuu hiyo haizidi kodi ambayo New Jersey yenyewe ingetoza kwa pesa ileile. New York ilichukua kama dola 1,002, New Jersey ikanihesabia kama 521. Tofauti ndiyo imekwenda, hairudi. Hapo kijana hakukosea. Mama akaniambia pia kwamba ritani ya jimbo la kazini lazima ikamilike kwanza ndipo ya nyumbani ijazwe, kwa sababu ya pili inasubiri namba kutoka kwa ya kwanza.

Pennsylvania ni habari nyingine kabisa. Ina makubaliano na New Jersey tangu miaka ya sabini: mkazi wa huku akifanya kazi kule, mshahara wake unatozwa huku tu, na wa kule hivyohivyo. Kwa maana hiyo Pennsylvania haikuwa na haki ya hata senti ya zile 687.68, na New Jersey haiwezi kunipa nafuu kwa kodi ambayo sikupaswa kulipa. Pesa hiyo inadaiwa Pennsylvania. (Makubaliano haya yalikaribia kufa: Gavana Chris Christie alitangaza Septemba 2016 kwamba anayavunja, Novemba akabadili uamuzi.) Akaniongezea kwamba ningekuwa nafanya kazi ndani ya Philadelphia, kodi ya mishahara ya jiji ingenihusu hata hivyo, kwa kuwa makubaliano hayo hayaigusi. Lakini kodi hiyo ya jiji, New Jersey huitambua na kuitolea nafuu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Aliijibu barua ya New Jersey na kunishauri nilipe upesi riba isizidi kupanda. Akanitengenezea PA-40, yaani ritani ya Pennsylvania, ya kusahihisha pamoja na jedwali la PA-40 X: mshahara wa Pennsylvania sifuri, kodi iliyokatwa 688, W-2 ikiambatanishwa, nakala ya ritani ya New Jersey, na barua fupi ya maelezo. Na siku hiyohiyo akanituma kazini na fomu REV-419, ile ya kumwambia mwajiri kwamba mimi ni mkazi wa New Jersey, asinikatie tena kodi ya Pennsylvania. Nilikuwa nimekatwa karibu mwaka wote wa 2024 bila kujua. Hakuna aliyenipa fomu hiyo nilipoajiriwa, na mimi sikujua kuna cha kuuliza.

Gharama: dola 260 kwa yote, pamoja na ritani za 2024. Nilirudishiwa 688 za mwaka 2023, nikalipa 489 na riba. Kwa kipato changu New Jersey inatoza pungufu ya Pennsylvania, kwa hiyo makubaliano yananifaa, jambo ambalo barua ile ilinificha kabisa. Kabla ya kumlipa nilimwuliza ana leseni gani. Akanitumia namba yake ya IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, na kuniambia nihakikishe mwenyewe. Ni wakala wa kodi aliyefaulu mitihani mitatu ya IRS. Hakukasirika kuulizwa, na hilo nililipenda sana.

Nusu nyota nimeipunguza kwa sababu mbili. Kuanzia katikati ya Machi hapatikani kirahisi. Ujumbe nilioutuma ulijibiwa baada ya siku sita, nami nilikuwa na wasiwasi wa tarehe 15 Aprili. Pili, hakuniambia mapema kwamba mwajiri wangu hakujiandikisha kukata kodi ya New Jersey. Kukatwa kwa Pennsylvania kulipokoma, nilikaa miezi miwili sikatwi kodi ya jimbo lolote, nikadhani ni nafuu. Ukitarajia kudaiwa na New Jersey zaidi ya dola 400 kwa mwaka, unapaswa kulipa kidogokidogo kila robo mwaka kwa fomu ya NJ-1040-ES. Alipogundua aliomba radhi na kunipangia viwango bila kunitoza.

Mkitaka kumtumia, mpelekeeni karatasi Februari, na muwe na anwani za mahali mlipolala mwaka mzima, pamoja na tarehe za kuhama. Ndilo swali lake la kwanza kwa kila mtu.