Kabla hujalipia mkanda wa taiming, zungusha beringi kwanza

Mwaka jana nilibadilisha mkanda wa taiming, ule unaozungusha kemshafti (shafti inayofungua valvu), kwenye Corolla 110 yangu ya injini ya 5A. Mkanda mzuri, fundi nikamlipa bila hata kuomba punguzo. Miezi mitatu baadaye gari likawa zito kwenye kilima cha Kimara, linamisi, mafuta linakunywa kama daladala. Fundi akalegeza bolti za distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, akaizungusha kidogo, akasikiliza. "Sista, moto ulikuwa umechelewa." Siku mbili tu, tukarudi pale pale.

Alipofungua kava ndipo tukaona: mkanda umeruka jino moja, na wenyewe hauna hata mchubuko. Kilichokufa ni beringi ya tenshena, roli inayokaza mkanda, ile ya 15,000 aliyonichomekea muuzaji. Kwenye 5A distribyuta inaendeshwa na kemshafti, kwa hiyo mkanda ukiruka, moto nao unahama. Utaseti distribyuta mpaka jua lizame.

Basi habari za meno na urefu wa mkanda sitazisema sana. Dukani taja namba ya injini. Ila injini ya 7A mkanda wake ni mrefu kuliko wa 5A, ukiambiwa "zinaingiliana" ondoka.

Beringi ndiyo kesi. Ishike katikati, izungushe kwa kidole. Ikiteleza na kuzunguka muda mrefu kama tairi la toi, grisi ni ya kupaka tu. Nzuri inakuwa nzito kidogo, inazunguka kimya na kusimama taratibu. Sikiliza karibu na sikio; ukisikia mchanga, rudisha. Itikise pembeni, isicheze. Na springi ya tenshena nunua mpya, iliyochoka haivuti.

Namba moja kwangu ni beringi ya Koyo, na sifichi upendeleo. Nimeshafungua boksi la Toyota nikakuta chuma chenyewe kimeandikwa Koyo. Mkanda nachukua Bando au Mitsuboshi, zote kampuni za Kobe, Japani.

Namba mbili ni boksi la Toyota kutoka kwa wakala. Ubora sina neno, bei ndiyo inakata maini. Boksi hilo hilo ukiliona mtaani kwa nusu bei, unanunua boksi.

Namba tatu, NTN au GMB, kama Koyo imekosekana kabisa.

Za bei poa zisizo na jina: hapana. Za mtumba zilizong'olewa kwenye injini: hapana tena.

Wenye 5A tuna bahati, mkanda ukikatika valvu hazigongi pistoni. Unavutwa tu hadi gereji. Mwenye Hiace ya dizeli yenye injini ya 3L hana bahati hiyo, kwake ni kufungua silinda hedi. Ukishafunga, mwambie fundi azungushe krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, aangalie alama za taiming tena, ndipo apige stata. Moto unasetiwa mwisho, TE1 na E1 (matundu mawili ya soketi ya uchunguzi) zikiwa zimeunganishwa kwa waya, nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu.

Ile beringi mbovu niliirudisha dukani Kariakoo. "Dada yangu, spea haina garantii, fundi wako ndiye kakaza vibaya." Nyuma yake ukutani, karatasi: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Halafu akainama chini ya kaunta akatoa nyingine, boksi lile lile, vumbi lile lile. Safari hii 20,000, dola imepanda.