Nimekodi kayaki ya kuvulia besi upande wa Limuru, na kizibo kilikuwa gunzi la mahindi

Nilingoja hasira ipoe ndipo niandike. Haikupoa, kwa hiyo naandika nayo. Ni kuhusu lile bwawa dogo la upande wa Limuru, katikati ya mashamba ya chai, wanakokodisha kayaki, ile mitumbwi myembamba ya kasia, kwa wanaotaka kuvua samaki aitwaye besi. Jina nimeliacha kwa makusudi. Waliowahi kuvua besi karibu na Nairobi watajua ninapopasema, na wasiojua, basi wakifika mahali popote pa kukodi kayaki wafanye nitakachowaambia hapa.

Kuna jambo linaloniuma kulisema, lakini ni kweli: maji yale ni mazuri. Ni mazuri sana. Wengi wetu tukisikia besi tunafikiria Naivasha, kwa sababu huko ndiko samaki huyu alikoletwa kutoka Marekani mwaka wa 1929 kwa ajili ya watu wa kuvua kwa fimbo. Naivasha naipenda, ila Naivasha kuna viboko, na kayaki ni chombo ambacho ukikikalia kiuno chako kinakaribia kugusa maji. Kiboko akiibuka chini yako huna la kufanya. Watu wamefia katika ziwa lile kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo bwawa lisilo na kiboko, ambalo unalifikia kutoka mjini kwa kupita Ruaka na Banana kabla foleni haijaamka, kwangu mimi ni hazina. Nilikuwa nimewasifia watu mahali hapa hata kabla sijaweka fimbo majini.

Ilikuwa ule msimu wetu wa baridi, manyunyu asubuhi, ukungu umelalia majani chai. Kijana wa kukodisha alinipokea vizuri tu. Nikatuma pesa ya kukodi pamoja na dipoziti kwa M-Pesa, akanipa jaketi la kuokolea, nikalifunga, na lilikuwa zima, vifungo vyote vinashika. Hilo nawapa. Kayaki nilizikuta zimeshateremshwa, zinaelea, nyuma zimeelekea katikati ya bwawa na mbele zimeegemezwa kwenye tope. Nikamuuliza, "Kijana wangu, hii imekaguliwa?" Akajibu, "Madam, hiyo iko fiti. Ni mpya mpya." Nikaketi, akanisukuma, nikaenda.

Asiyewahi kuvua besi kwa kayaki hajui anachokosa. Besi si samaki wa kukimbiza wenzake mbali. Ni mviziaji. Anajibanza kando ya matete, chini ya majani ya yungiyungi, ubavuni mwa gogo lililozama, na anangoja kitu kipite mbele ya mdomo ule mpana uliopasuka hadi nyuma ya jicho. Boti yenye injini haiwezi kumkaribia bila kumshtua, kwa kuwa mtikisiko wa maji anauhisi kwa ubavu wake mzima. Kayaki inateleza kimya. Inaingia penye maji ya magotini. Unaweka kasia mapajani, unatupa chambo shibiri moja kutoka kwenye matete, unaacha kishuke chenyewe.

Kukiwa na baridi hivyo besi hapendi kuhangaika, kwa hiyo chambo hukivuti mbio. Nilitumia mnyoo wa plastiki mwekundu uliokolea, ncha ya ndoana imefichwa ndani ya mwili wake ili isinase magugu. Rangi hiyo naipenda tangu Naivasha, ambako besi hula kamba wekundu walioingizwa ziwani mwaka wa 1970. Unakiburura chini, unakiacha, unakiburura tena, unakiacha. Kazi ya subira. Niliendelea hivyo asubuhi ile, ukungu unafunguka taratibu, wachuma chai wanaitana ng'ambo kwa Kikikuyu, na nikawa na furaha ambayo mjini siipati.

Halafu mshipi ukaenda kando. Anayevua besi anajua: husikii mvuto, unaona tu mshipi umeanza kutembea peke yake kuelekea mahali ambapo hukuuelekeza. Nikakaza, nikainua fimbo, na samaki akaruka. Mwili mzima ukatoka majini, mdomo wazi, kichwa anakitikisa kushoto na kulia akitaka kuitema ndoana. Alikuwa mkubwa kuliko besi yeyote niliyewahi kumshika. Sitataja kilo kwa sababu sikumpima, na sababu ya kutompima ndiyo iliyoniketisha niandike haya.

Kayaki haikumfuata. Besi mkubwa huivuta kayaki, hiyo ni sehemu ya raha yenyewe, pua ya chombo inageuka anakokwenda. Hii ilikaa nzito, haisogei, na nilipojisogeza kidogo upande wa samaki ikalala ubavu mzima na haikurudi haraka. Nikageuka nyuma nikaona maji yameshafika kwenye sanduku langu la vyambo. Nyuma yote ilikuwa imezama.

Hapa naomba niwe mwalimu kidogo, maana jambo hili wakodishaji wanalitumia kuwachanganya watu. Kayaki ya kukalia juu ina matundu ya aina mbili. Ya kwanza yapo chini ya miguu na karibu na kiti. Hayo ni mirija iliyopenya kutoka juu hadi chini, kazi yake ni kuyaachia maji yaliyokurukia yarudi bwawani. Ukiona maji yanachungulia humo, usijali. La pili liko moja, mara nyingi nyuma kabisa, na hilo linaingia ndani ya mwili wenyewe wa kayaki, ule mwili mtupu uliojaa hewa. Ni la kumwaga maji chombo kikiwa nchi kavu. Likiwa wazi majini, hewa inatoka, maji yanaingia, na hewa ndiyo iliyokuwa inakubeba. Baya zaidi, maji yaliyomo ndani hayatulii. Ukiinama kulia yote yanakimbilia kulia, yanakuongezea kuinama. Ndivyo watu wanavyopinduka.

Nilikuwa katikati ya bwawa, samaki bado yuko kwenye mshipi, na ufukwe uko mbali. Huwezi kupiga kasia kwa mikono miwili huku umeshika fimbo iliyopinda. Nikatoa kisu nikakata mshipi.

Nilimkata. Yule samaki akaondoka na ndoana mdomoni na kipande cha mshipi, na mimi huwa siwaachi hivyo. Besi wangu huwashika taya la chini kwa kidole gumba, nawaegemeza tumbo, natoa ndoana, nawarudisha. Ndoana ile itashika kutu na kulegea siku moja, najua, lakini sikwenda pale kumtesa kiumbe. Hili limenikera hata kuliko kulowa.

Nikapiga kasia hadi mabega yakawaka. Jaketi nililonalo likanipa moyo, lakini maji ya Limuru msimu ule si ya kuogelea na nguo za baridi mwilini. Nilipofika, kijana alikuwa anaangalia simu. Nikamwambia, "Kayaki yako inazama." Hakuinuka. "Madam, maji kuingia ni kawaida. Iko na matundu."

Nikamwambia matundu nayajua, tuivute juu tuiangalie. Tukaivuta, wawili hatukuiweza, akaja na mwenzake wa kukata nyasi. Ilipoinuliwa mbele, maji yakatoka nyuma kwa mkupuo, na pamoja nayo kikatoka kitu kikaanguka kwenye tope mbele ya viatu vyangu. Gunzi. Gunzi la mahindi, limekatwa fupi na kuviringishwa karatasi ya nailoni, zile zile zilizopigwa marufuku nchini mwaka wa 2017. Ndilo lililokuwa kizibo. Gunzi linaziba mtungi wa maziwa vizuri, nyumbani tumelitumia miaka yote. Lakini mtungi unakaa wima na maziwa hayasukumi kutoka nje. Chini ya maji gunzi linalowa, linalainika, linateleza.

Nikaliokota nikamwonyesha. Mtu mwenye haya angesema pole. Neno pole halina gharama, Mkenya husema pole hata kwa mtu aliyejikwaa barabarani asiyemjua. Huyu alinitazama kutoka juu hadi chini, akasema mbele ya watu: "Shida si kizibo, madam. Hizi boti si za watu wenye mwili."

Nilinyamaza kwanza. Kisha nikamwambia, "Ndugu yangu, uzito wangu ndio uliong'oa kizibo?" Akaona nimekasirika, akampigia meneja. Meneja hakuja, aliongea kwenye simu, naye kwa adabu nyingi akaniita dada yangu, akaniambia dipoziti hairudi kwa kuwa nimepoteza kizibo cha kampuni. Nimepoteza kizibo! Nilikuwa nimeshika gunzi mkononi. Sasa niulize: kama shida ni mwili wangu, kizibo kinadaiwaje? Na kama kizibo kilikuwepo nikakipoteza, gunzi lilifanya nini pale? Chagueni uongo mmoja tuujadili.

Nikiri kwamba nilipofika nyumbani nikabadilisha nguo na kunywa chai, nilianza kuwaonea huruma. Nikawaza, pengine vizibo vimeisha dukani. Pengine mwenye mali anambana kijana, anamwambia kila kayaki lazima iingize pesa. Nikawaza pia yule samaki, na jinsi mahali pale palivyo tulivu, na kwamba karibu na Nairobi hatuna kwingi pa kufanyia hivi. Bwawa letu la Nairobi, pale kando ya Kibera, lilikuwa la mashua na matanga zamani, leo ni gugumaji na maji taka. Nikasema nitaandika kwa upole: maji nyota tano, vyombo nyota mbili, huduma ijirekebishe. Karibu nifanye hivyo. Kuna rafiki yangu nilimwambia hata twende pamoja, kila mtu na kizibo chake mfukoni.

Lakini kila nikitaka kuandika hivyo nakumbuka kilichotokea wakati naondoka, na mkono unakataa.

Kulikuwa na baba amekuja na mwanawe, mtoto wa shule ya msingi, ana fimbo mpya ambayo hata bei yake ilikuwa bado inaning'inia. Walikuwa wanangoja zamu. Nikiwa nafungua gari nikamwona yule kijana anaokota gunzi lile lile kwenye tope, analipangusa kwa suruali, analirudisha kwenye tundu kwa kulipiga na kiganja. Kisha akaanza kuirudisha kayaki majini, nyuma ikitangulia.

Nikarudi. Nikamwambia yule baba, "Mzee, samahani kukuingilia, chombo hiki kimetoka kunizamisha mimi sasa hivi. Usimweke mtoto." Kijana akacheka, akamwambia, "Wasiwasi wa bure, mzee. Mtoto ni mwepesi, hii haitamsumbua."

Mtoto ni mwepesi. Yaani tundu litajua. Yaani maji yatapima kilo kwanza ndipo yaingie. Mtoto yule hata taya la besi hajui kulishika, angejuaje kwamba nyuma inazama? Baba alinishukuru, akamshika mwanawe mkono wakaenda kutupa ndoana kutoka ukingoni, na Mungu ambariki kwa kunisikiliza mtu asiyemjua. Walipata au hawakupata, sikungoja kuona.

Kwa hiyo hapana. Ule upole nimeufuta. Sikuambii uende na kizibo chako, kwa sababu kizibo chako hakitamsaidia atakayekuja baada yako. Nakuambia usiwape pesa yako hadi wabadilike. Na ukilazimika kukodi popote pale, iwe hapo au kwingine, agiza kayaki itolewe majini kabisa mbele ya macho yako. Tafuta tundu la nyuma, ukizungushe kizibo kwa mkono wako mwenyewe. Inua upande mmoja usikilize kama kuna maji yanayotembea ndani. Anayekodisha akinuna, acha anune, rudi nyumbani.

Meneja, ujumbe wangu umeusoma, alama za buluu naziona. Dipoziti yangu itume kwa namba ile ile niliyolipia. Na kabla ya hiyo, nijibu ulichokwepa: ile kayaki bado iko majini, na ndani ya lile tundu sasa mmeweka nini?