Meza ya viungo vya chai Soko la Darajani: chukua vizima, uache vilivyosagwa

Huu ni mwaka wa pili nanunua viungo vya chai ya dawa kwenye meza moja ndani ya Soko la Darajani, mjini Unguja, soko lililojengwa mwaka 1904 ambalo hadi leo watu wa mjini hulitegemea kwa kitoweo na viungo. Meza yenyewe haina kibao wala jina. Mwenyewe ni bibi mmoja anayeuza karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga, tangawizi mbichi na mafungu ya mchaichai, na kwangu, penye watoto watatu wanaopokezana mafua kila msimu wa vuli, mali yake haikosekani jikoni.

Kinachonirudisha kwake ni karafuu. Nilipomwendea mara ya kwanza hakuisifia bidhaa yake, bali aliokota punje moja, akanipa na kuniambia, "Ibonyeze kwa ukucha, mwanangu." Mafuta yalichomoza papo hapo, na harufu yake ilikuwa bado kidoleni nilipofika nyumbani. Karafuu isiyotoa mafuta ikibonyezwa imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya yujenoli, kiini cha mafuta yake, ambayo ndiyo inayotia ganzi kidogo kwenye koo linalowasha, na ukiitia katika chai utaambulia rangi tu. Mdalasini wake ni wa hapa hapa visiwani, wenye magamba membamba yanayovunjika kwa vidole, tofauti na ule mnene na mgumu unaoletwa kutoka nje, ambao una kemikali ya asili iitwayo kumarini kwa wingi zaidi na haufai kunywewa kwa wingi kila siku, kwa kuwa unaweza kudhuru ini.

Nyumbani huponda kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, nikakichemsha na kijiti cha mdalasini na karafuu tatu katika vikombe vitatu vya maji, kwa moto mdogo, dakika 15, maana mizizi na magome hayatoi nguvu yake upesi. Mchaichai nautia mwishoni, nikaepua sufuria na kuifunika dakika 10, kwani majani yakichemka wazi harufu yote huondoka na mvuke. Asali hufuata chai ikishapoa kidogo, lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja simpi kabisa, kwa sababu inaweza kumletea sumu ya botulini. Chai hii haiponyi mafua. Hulainisha koo, hutuliza kichefuchefu na humfanya mgonjwa anywe maji ya kutosha.

Sikuridhika na pakiti za mchanganyiko uliokwisha kusagwa. Niliyonunua mimi ilikuwa imeganda mabonge kwa unyevu, na ilipochemka ilinuka vumbi. Jambo zito zaidi ni kwamba kijana anayemsaidia bibi alimwambia mteja mbele yangu kuwa maua ya choya yanatosha kumwachisha vidonge vya presha. Choya hushusha presha kwa kiasi fulani, na kwa sababu hiyo hiyo anayetumia vidonge hana budi kumwuliza daktari kabla ya kuyanywa kila siku. Nilimweleza bibi, naye alimkemea kijana hapo hapo, nami nikamshukuru kwa dhati.

Bei ni za haki, na hapunji kipimo. Ukienda, fika kabla ya saa tatu asubuhi, mchaichai ukiwa bado mbichi. Baada ya adhuhuri mafungu yanayobaki huwa yamekwisha kunyauka.