Matokeo ya NECTA mtandaoni: yanamfaa vipi mzazi wa shule ndogo Lindi na Mtwara?

Huduma: kurasa za matokeo ya shule za msingi kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (necta.go.tz)
Bei: bure, unalipia bando tu
Tunaipa: nyota 3 kati ya 5

Ukitaka kujua shule ya msingi ya serikali yenye wanafunzi mia na kidogo inaendaje, iwe Liwale, Nanyumbu au vijiji vya ndani vya Kilwa, hakuna mahali pa karibu zaidi pa kuanzia. Kurasa ni nyepesi na zinafunguka hata kwenye simu ndogo, ila jedwali ni pana, hivyo ilaze simu. Siku matokeo yanapotangazwa watu huingia kwa mkupuo, kwa hiyo subiri usiku.

Ingia Matokeo, chagua PSLE kwa darasa la saba au SFNA kwa upimaji wa darasa la nne, kisha mwaka, mkoa, halmashauri na shule. Namba ya shule huanza na PS, na tarakimu mbili zinazofuata ni za mkoa: 08 Lindi, 12 Mtwara. Iandike pembeni, kwa sababu majina ya shule hujirudia. Shule za Mtama, kwa miaka ya nyuma, zitafute chini ya Lindi Vijijini.

Wengi hukimbilia wastani wa shule, na hapo ndipo wanapopotea. Sasa darasa la saba lina masomo 6, kila moja alama 50, jumla 300, na daraja C, la mwisho la kufaulu, huanzia alama 121. Zamani masomo yalikuwa 5 na jumla 250. Wastani wa 130 wakati ule ulikuwa asilimia 52. Wa leo ni asilimia 43. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja utadhani shule imesimama palepale, kumbe imeshuka.

Tatizo kubwa zaidi ni uchache wa watahiniwa. Shule yenye watahiniwa 14, kila mtoto mmoja ni asilimia 7. Wawili wakiteleza Hisabati na kuangukia D ya jumla, ufaulu unashuka kwa asilimia 14, na mwalimu hajabadilika wala ufundishaji haujaharibika. Baraza lenyewe, lilipopanga shule kwa ubora, lilikuwa likitenga shule zenye watahiniwa chini ya 40 na zile za 40 au zaidi, na ulikuwa utaratibu wa maana. Tangu 2023 limeacha kutangaza shule bora, jambo ambalo kwa shule ndogo tunaliona ni haki. Usihukumu kwa mwaka mmoja. Chukua mitatu au minne, jumlisha vichwa vyote na waliopata A hadi C, ndipo utafute asilimia. Tazama na masomo moja moja: shule yenye C nyingi za Kiswahili na E nyingi za Kiingereza na Hisabati inahitaji maswali tofauti na ile inayolegea kila mahali.

Kitu chenye faida kuliko vyote kwenye tovuti hii hakijaandikwa popote, itabidi ukitafute mwenyewe. Darasa la nne la 2021 ndilo lililofika la saba 2024. Fungua SFNA ya 2021 na PSLE ya 2024 za shule hiyohiyo, uhesabu. Kama waliofanya la nne walikuwa 31 na waliofanya la saba ni 19, ufaulu wa asilimia 90 wa hao 19 usikufurahishe kabla hujajua 12 wako wapi. Wengine watakuwa wamekariri, wengine wamehama. Wengine ni watoro, na hao ndio wa kuulizia kwa nguvu. Hesabu wavulana na wasichana kila kundi peke yake. Wavulana wakipungua ghafla ukanda wa pwani, ulizia uvuvi. Wasichana wakipungua, ulizia mimba, ndoa na unyago usiomalizika likizo inapokwisha.

Tahadhari moja: shule shikizi. Watoto wake husoma madarasa ya chini kijijini kwao, kisha huhamia shule mama, na matokeo hutoka kwa jina la shule mama. Shikizi ikisajiliwa kuwa shule kamili, idadi ya shule mama hupungua bila mtoto hata mmoja kuacha masomo.

Nyota mbili tumezizuia kwa sababu ukurasa hausemi lolote juu ya walimu, mahudhurio wala idadi ya wanafunzi wa madarasa mengine. Kwa shule ndogo hayo ndiyo yanayoeleza matokeo. Uwiano wa serikali ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Shule ya watoto 135 kwa hesabu hiyo inastahili walimu 3, lakini ina awali na madarasa saba, yaani madarasa manane! Mwalimu anaandika ubaoni la tatu huku la nne wakimsubiri. Fedha nazo hufuata vichwa: ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 ndizo za kwenda shuleni, huwapa watoto 135 shilingi 810,000 tu, za chaki, mitihani na ukarabati.

Hayo yafuate shuleni. Ofisini kwa mwalimu mkuu omba kuona ikama ya walimu (waliopo na wanaohitajika) na ubao wa ikari (idadi ya wanafunzi), ulinganishe waliosajiliwa na waliohudhuria siku hiyo. Hesabu matundu ya vyoo: kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Uliza kama kuna uji, na wazazi wangapi kweli wanachangia mahindi. Usiende wiki ya kwanza ya Januari, uandikishaji unapopamba moto. Nenda Oktoba au Novemba, korosho zinapodondoka na familia zimehamia mashambani, ukaone madawati mangapi yana watoto.